RAM ya Shemeji

Kompyuta ikianza kuzingua, Dar nzima inageuka madaktari, na madaktari wote wana dawa moja. Ongeza RAM. Kinyozi wa mlango wa pili: ongeza RAM. Bodaboda aliyekuja kutoa kopi ya leseni, hajavua hata helmeti: mzee, ongeza RAM. Mtoto wa darasa la tano katumwa raba, kidevu hakijafika kwenye kaunta, ananiangalia navyohangaika na mausi iliyoganda. "Anko, hiyo inataka RAM." Na raba yenyewe kakopa.

Ila hakuna hata mmoja aliyeniambia RAM ipi. Na mimi ningeuliza nini? Nilijua unaenda dukani, unasema nipimie GB nne, unafungiwa kwenye karatasi, unarudi kazini.

Steshenari yangu unaijua, jirani. Kopi, kuchapa, laminesheni, barua za kuomba kazi kwa watu ambao kazi hawazitaki. Kompyuta ni moja, ya mezani, mtumba wa Ulaya. Imekuja na stika ya ofisi ya huko ambayo mpaka leo imegoma kubanduka. Aliyeniuzia aliniapia ilikuwa ya mhasibu, mtu mpole, haikusumbuliwa. Ina GB 4. Sasa fungua fomu ya mkopo ya mwanafunzi, weka na Word pembeni, washa na skana. Kwisha habari. Kiduara kinazunguka. Mteja anaangalia kiduara. Mimi naangalia kiduara. Foleni inaangalia kisogo changu. Mtu anajikuna, anakohoa, anasema ngoja nipitie pale kwa jirani nitarudi. Harudi.

Eti RAM ikijaa, kompyuta inaanza kuhamishia mambo yake kwenye hadidiski, na hadidiski yangu ni ile ya kizamani ya kuzunguka, kwa hiyo kila ukibofya inabidi iende huko, itafute, irudi. Ndiyo maana inanguruma vile. Mimi nilidhani ni feni, nikawa naipepea.

Basi nikaamua. Nikachomoa CPU, nikaizungushia kanga ya mama watoto, nikapanda daladala kwenda Kariakoo. Usinicheke. Ningejuaje? Mgonjwa si anapelekwa mzima hospitali?

Lakini heshima ya mtu mzima haikai kwenye daladala na CPU mapajani. Konda kanitazama toka unyayo mpaka utosini. "Mzee, hiyo TV utailipia siti." Nikamwambia hii siyo TV. "Haya, hiyo friji utailipia siti." Gari zima likacheka, na dereva akageuka kuangalia, nusura amgonge muuza karanga. Nikalipa nauli mbili. Mama mmoja aliyekaa dirishani akaniinamia, kwa sauti ya huruma kabisa: "Baba, unaipeleka kuuza? Mmepatwa na msiba?" Nikasema ndiyo. Ilikuwa rahisi kuliko kueleza.

Dukani kijana wa kaunta akanipa shikamoo nzito, mpaka nikajua hapa nimefika kwa watu waliolelewa. Marahaba haijanitoka vizuri, akaanza mahojiano.

"Mzee wangu, unataka DDR ngapi?"

"Nipe moja tu kwanza."

Akamwangalia mwenzake.

"Ya mezani au ya laptopu?"

Nikamfunulia kanga. Akaona mwenyewe.

"Sawa. Basi ngapi?"

"Moja tu. Nimepandia Tandika, nikashuka hapo Msimbazi."

Mwenzake akaingia stoo. Akakaa huko, nikawa nasikia kikohozi ambacho si kikohozi.

Kumbe basi ndiyo mwendo wa RAM, jamani. Ipo ya 1333, ipo ya 1600, ipo ya 2400 na kuendelea. Ukichanganya yenye mbio na isiyo na mbio kwenye mashine moja, zote zinakwenda kwa mwendo wa ile ya polepole, kama mimi na mama yangu mzazi tukienda kanisani. Hilo nililielewa haraka. Ni hilo tu.

Yule kijana, Mungu ambariki, akanipangia RAM tatu juu ya kioo cha kaunta. Hii DDR2, hii DDR3, hii DDR4. Nikaziangalia. Zote vijiti vya kijani vyenye meno ya dhahabu. Akasema angalia vizuri, mzee. Nikaangalia vizuri. Vijiti vya kijani vyenye meno ya dhahabu. Akanionyesha kipengo kidogo katikati ya meno. DDR2 ina pini 240 na DDR3 ina pini 240, ila kipengo kimesogezwa, ya huku haiingii kule. DDR4 ina pini 288. DDR5 nayo 288, wakahamisha tena kipengo. Na umeme wenyewe hazili sawa: DDR3 volti 1.5, DDR4 volti 1.2, DDR5 volti 1.1. "Kipengo kimehamishwa makusudi," akasema, "ili mtu mwenye nguvu nyingi asilazimishe." Alisema hivyo akiniangalia mikono.

Huko Marekani kuna chama cha watu wa viwanda kinaitwa JEDEC, ndicho kinachokaa vikao na kupanga viwango vyote hivi. Walipitisha DDR3 mwaka 2007. Mwaka 2007 mimi nilikuwa na nywele. Wakapitisha DDR4 mwaka 2012, wakapitisha DDR5 mwaka 2020, na vikao vyote hivyo hakuna aliyeinua mkono akasema jamani, na yule wa Tandika mwenye mashine moja tunamfikiriaje?

Nikamwambia kijana: wewe nipe hiyo ya mwisho, mpya, DDR5, tusipoteze muda. Nilisema kwa sauti ya mtu mwenye hela. Akaniambia taratibu, kwa adabu ambayo iliniuma kuliko matusi, kwamba mazabodi ya DDR3 inapokea DDR3. Haipandi cheo. Ukitaka DDR5 unabadilisha mazabodi, ukibadilisha mazabodi unabadilisha prosesa, ukimaliza kubadilisha utabaki na lile boksi, feni na stika ya Ulaya.

Akafungua mashine. Ningejua ningeifuta. Vumbi la Ulaya chini, vumbi la Tandika juu, na katikati mende wawili waliokuwa wanaishi vizuri kuliko mimi. Mteja mwingine, dada mmoja nadhifu, akasogeza mkoba wake. Kijana akashika kwanza bati la boksi kwa mkono mtupu. Nikamuuliza anaiombea? Akasema hapana, anatoa umeme tuli mwilini, maana cheche ndogo ambayo hata huisikii inaweza kuua chipu. Nikakumbuka nilivyokuwa naipiga kofi ikiganda. Nikanyamaza.

Akachomoa RAM yangu, akaipuliza, akanisomea stika yake. PC3L-12800U. Nimeishi na kitu hiki miaka yote hiyo, sikujua kina jina. PC3 maana yake ni DDR3. L ni ile inayokula umeme kidogo, volti 1.35 badala ya 1.5. 12800 ni megabaiti zinazopita kwa sekunde moja. Ukigawa kwa nane unapata ile basi, 1600. Hapo nilijifanya napiga hesabu kichwani, nikatingisha kichwa kabisa, nikasema "kweli." Na U ya mwisho ni RAM ya kawaida ya kompyuta ya mezani. Ingekuwa ya laptopu ingeandikwa S, nayo ni fupi. Akaendelea na herufi nyingine mbili, E na R, ila mimi hapo nilikuwa namfikiria konda.

Jambo kubwa, akasema, ni L. RAM yenye L ukiiweka kwenye mashine ya volti 1.5 haina neno, inavumilia. Lakini zipo mashine zinazotaka L peke yake. Hizo ukiziwekea isiyo na L mnagombana. Kwa hiyo mzee, tafuta inayofanana na hii, herufi kwa herufi, hutajuta.

Halafu akaniambia neno lililonimaliza. "Ila ungepiga tu picha hii stika, ukaja nayo kwenye simu."

Kimya.

"Au usifungue hata. Unabonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, unaingia Performance, halafu Memory. Inakuonyesha mwendo wake, na sloti ngapi zimetumika."

Nikaangalia kanga. Nikaangalia mende. Nikauliza bei.

Akataja bei. Nikamuuliza kama ni pamoja na kompyuta nyingine. Akasema mzee, RAM zimepanda dunia nzima tangu mwishoni mwa 2025, sababu ya akili bandia. Viwanda vinavyotengeneza sehemu kubwa ya RAM za dunia hii ni vitatu tu, Samsung, SK hynix na Micron, na vyote vinawakimbilia wenye majumba ya sava, kule kwenye oda nene. Sisi huku tunagombania makombo, na bei ya RAM mpya ikipanda hata za mtumba zinajisikia. Ndugu yangu, mimi na akili bandia hatujawahi kukutana. Hata ya kawaida tunaonana kwa nadra. Leo ananipandishia bei!

Nikamwambia kijana "nitarudi." Akanijibu "karibu mzee" kwa uso wa mtu aliyezoea kuachwa. Kurudi nikachukua bajaji. Bei ya bajaji sitaki kuizungumzia.

Nyumbani nikamkuta shemeji kakaa kwenye kiti changu.

Lazima nikueleze kuhusu shemeji. Ni kaka yake mama watoto, anafanya kazi kwenye ofisi moja mjini, mambo ya mtandao. Huvaa kitambulisho shingoni hata Jumapili. Humu ndani shemeji akisema mvua itanyesha, nguo zinaanuliwa. Mimi nikisema mvua itanyesha, na mvua inanyesha, naulizwa nimeisababishia nini.

Mama watoto alishamsimulia shida yangu. Na kanga yake alishaiona. Shemeji akatabasamu, akaingiza mkono mfukoni, akatoa bahasha ya kaki. "Shemeji, shida zote hizi za nini wakati mimi nipo?" Akachomoa RAM. GB 16. Moja! Wamezima mashine za zamani ofisini, akasema, hizi zilikuwa zinakwenda kutupwa. Mama watoto akanitazama kwa yale macho ya kusema unaona wanaume wenzio.

Nikaipokea kwa mikono miwili. Nikaisoma stika, maana sasa na mimi mtaalamu. PC3L-12800R. Nikailinganisha na yangu. PC3, ipo. L, ipo. 12800, ipo. Kipengo, palepale. Herufi moja tu ya mwisho ndiyo tofauti, R. Nikasema ah, herufi moja hiyo, labda R ni ya Rahisi. Halafu nikahesabu vichipu. Yangu ilikuwa na vinane. Hii ina tisa upande mmoja, tisa upande wa pili, na kingine kimekaa katikati peke yake kinatazama watu. Nikasema ndugu wa mke akikupenda anakupenda kweli, mpaka nyongeza kaweka.

Shemeji akaipachika mwenyewe. Ikaingia kwa mlio mtamu, tak! Akawasha. Feni ikazunguka. Kioo cheusi. Halafu ikaanza: piii, piii, piii. Akazima, akawasha. Piii, piii, piii. Majirani wakajua gari la mtu limeibiwa. Kinyozi akaja na mashine yake mkononi na mteja kanyolewa nusu. Wapangaji wa nyuma wakaja. Mtoto wa raba akaja, na hela ya raba hakuja nayo.

Shemeji akasimama, akafuta mikono kwa leso, akatoa hukumu. "Hapa tatizo ni mazabodi."

"Nilijua tu," akasema mama watoto. "Si aliitembeza kwenye daladala."

Wote wakanigeukia mimi. Kinyozi akatingisha kichwa. Na shemeji akakaribishwa wali.

Fundi tuliyemwita akaja na bisibisi moja na tabia ya kucheka kabla hajaambiwa kitu. Akaitazama ile RAM kwa sekunde mbili. "Mzee, hii ya sava." Shemeji hakuwepo, alishashiba akaondoka. Ile R, akanieleza fundi, ndiyo kile kichipu cha katikati. Kinaitwa rejesta, kinasimama kati ya RAM na prosesa kupanga foleni ya amri, kwa sababu sava inabeba RAM nyingi mno kwa pamoja. Na kile kichipu cha tisa nilichokiita nyongeza ni cha ukaguzi: kinakamata hesabu ikikosewa njiani. Mambo mazuri, ya benki. Mazabodi ya kompyuta ya kawaida haijui kabisa kuongea na rejesta. Inaingia kwenye sloti vizuri, kipengo kimekaa, kila kitu kimekaa, halafu haiwaki. "Ila ushukuru," akasema, "kuna vimeo vibaya zaidi ya hiki. Zipo DDR3 za GB 8 za bei chee, vichipu vyake vimepangwa kwa namna ambayo mashine za AMD tu ndizo zinazikubali. Ukiweka kwenye Intel zinakuchenga, na huna herufi ya kuilaumu."

Nikauliza mashine yangu ni ipi. Akanionyesha stika ya Intel mbele ya boksi. Kila siku naifuta vumbi, ile.

Akarudisha RAM yangu ya zamani. Piii. Moyo ukaniruka. Akaniomba raba. Nikampa raba, mpya, kutoka kwenye rafu yangu mwenyewe. Akayasugua yale meno ya dhahabu taratibu, upande huu, upande huu, akapuliza, akarudisha, ikawaka. Uchafu na mafuta ya vidole, akasema. Kwenye risiti yake kulikuwa na mstari umeandikwa "kusafisha RAM." Raba hakunirudishia.

Basi nikajikamua, nikamtuma akanitafutie iliyo sawa na yangu. PC3L-12800U, GB 4, herufi kwa herufi. Mazabodi ina sloti nne, mbili nyeusi mbili nyeupe. Mimi ningeiweka pembeni ya mwenzake wasikae wapweke. Kumbe mashine yangu inataka jozi ikae kwenye rangi moja, ndiyo prosesa inavuta kwa njia mbili kwa wakati mmoja. Fundi akapachika. Ikawaka bila kelele. Kinyozi akapiga makofi. Fundi akafungua pale kwenye maelezo ya mashine ili nione mwenyewe hela yangu ilipokwenda.

Imeandikwa hivi: RAM GB 8. Halafu kwenye mabano, kwa herufi ndogo za adabu: inayotumika, GB 3.41.

Nikamuuliza fundi. Fundi akaacha kucheka, na hapo ndipo nilipoogopa.

Windows yangu ni ya biti 32. Biti 32 zinahesabu anwani mpaka bilioni nne na ushee, basi, yaani GB 4, na humo humo inakatwa sehemu ya vifaa vingine, kadi ya picha na nduguze. Hata ile GB 4 ya mwanzo sikuwahi kuitumia yote. Ungeweka 8, ungeweka 16, ungeweka ghala zima, yeye anaziona, anazihesabu, anakuandikia kwamba zipo, na hazigusi. Mashine yenyewe haina shida, prosesa inaweza biti 64 tangu izaliwe. Aliyeniuzia ndiye aliyepiga Windows ya biti 32. Huyo huyo wa mhasibu mpole.

"Inabidi tupige Windows upya," akasema fundi. "Kutoka 32 kwenda 64 huwezi kuipandishia juu kwa juu, tunafuta. Una nakala ya mafaili?"

"Ipo."

"Wapi?"

"Humo humo ndani."

Akaomba flashi. Niliyokuwa nayo ni ya mteja, imejaa picha za kipaimara cha watoto wasio wangu. Sasa ninavyoongea na wewe fundi amekwenda kuazima hadidiski ya nje, foleni imehamia kwa jirani, na dukani kwangu ninauza raba tu, kwa mkopo.

Wakati huo huo mama watoto yuko uani na simu, sauti ya furaha, nasikia kila neno. "Kaka, asante sana! Ile RAM yako imekubali. Imesoma nane. Eeh, alikuwa anaikosea tu kuiweka." Halafu akanyamaza anasikiliza, akacheka, akachungulia dirishani. Kumbe wiki hii ofisini kwao wamezima sava nyingine mbili. Jumapili shemeji anakuja na mfuko, na mimi nimeagizwa kuku.